Zipu ya Mgongoni

Nina ugomvi na mtu aliyehamisha zipu. Simjui jina wala nchi, ila najua kuna siku alikaa mezani na penseli yake, akalitazama gauni la mwanamke lenye vifungo mbele, mahali ambapo kila mwenye mikono anafika, akaona hapana, mlango huu uende mgongoni. Hakuuliza mtu. Angemuuliza mwanamke mmoja tu mwenye mtoto wa miezi mitano, angepewa majibu ya kumfanya aache kuchora magauni akauze mkaa.

Mwezi wa saba mwaka huu mwanamke huyo nilikuwa mimi. Binti yangu alikuwa ametimiza miezi mitano, ana mashavu kama maandazi, na chupa hataki. Tulimjaribu kwa chupa tatu. Kila nilipomwekea ile chuchu ya plastiki mdomoni aliitema, akanitazama kama mgeni aliyekuta jiwe kwenye wali wa wenyeji wake. Kwa hiyo popote nilipo naye yupo, na kila baada ya saa mbili na nusu lazima nifunguliwe. Nimekuwa kama duka.

Nayaandika haya kwa sababu nimechoka kusikiliza hotuba kuhusu mavazi ya wanawake: tulivyoharibika, bibi zetu walivyojistiri, nguo za siku hizi zilivyo fupi. Wanaohutubia wengi wao hawajawahi kunyonyesha mtu. Mimi nina kipimo kimoja tu. Nikionyeshwa nguo, iwe ya zamani au ya leo, siulizi urefu wala bei. Nauliza mtoto anaingilia wapi.

Mama yangu ni fundi cherehani. Anashonea barazani kwake hapa Miyuji, kwenye cherehani ya miguu inayonizidi umri. Upepo wa Dodoma humletea vumbi jekundu mchana kutwa, naye hulipangusa bila kuacha kukanyaga. Pini zake huzichomeka kifuani mwa blauzi. Sisi watoto wake tulijifunza mapema kwamba mama hukumbatiwa ubavuni. Ukimjia kwa mbele utaondoka na tundu. Nadhani ndiyo maana pale nyumbani hatukuwa watu wa kukumbatiana.

Mdogo wangu alipochumbiwa ikaundwa kamati ya kicheni pati, ile sherehe ya wanawake watupu ya kumfunda bibi harusi na kumpa vyombo vya jikoni. Na kwetu hakuna sherehe bila sare. Kitambaa kimoja, rangi moja, mshono mmoja, kwa wanawake thelathini na wanne ambao hawafanani hata vidole. Kamati iliongozwa na jirani yetu mmoja, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, ambaye ameongoza kamati nyingi kiasi kwamba tunamwita Mwenyekiti hata msibani. Rangi aliichagua yeye: rangi ya zabibu zilizoiva, kwa heshima ya mkoa. Mshono aliutoa kwenye simu. Alituonyesha picha ya msichana amesimama ubavu, gauni limembana toka shingoni mpaka magotini, halafu chini likafunguka kama tarumbeta. Zipu mgongoni, ndefu, imefichwa. Msichana yule hakuwa na mtoto, na nikimtazama vizuri naona hakuwa na mapafu pia.

Nikanyoosha mkono kama niko shule. Nikasema mimi nanyonyesha, naomba langu liwe na zipu mbele. Mwenyekiti akanitazama kwa huruma, akasema sare ni sare, mmoja akianza kuwa na zipu mbele kesho mwingine ataomba mfuko. Nikamgeukia mama, kwa kuwa ndiye aliyepewa kazi ya kuyashona yote.

“Zipu mbele ni ya bwelasuti,” mama akasema. “Unakuja kumfunda mdogo wako au unakuja kufungua injini?”

Wakacheka wote, na mdogo wangu akacheka, na mtoto wangu akacheka kwa sababu yeye hucheka watu wakicheka. Sikujua wakati ule kwamba mama alikuwa ameahidiwa jambo. Mwenyekiti alimwambia pembeni kwamba sare zikipendeza atampelekea kazi ya kushonea umoja wa akina mama wa kata nzima. Kwa hiyo sherehe ile kwa mama ilikuwa mtihani, na mimi, niliyepangwa kuwa mpambe, niliyetakiwa kuingia ukumbini bega kwa bega na bibi harusi mbele ya kamera, ndiye niliyekuwa karatasi ya majibu.

Alinipima siku ya Jumatatu, saa mbili asubuhi, mtoto ametoka kunyonya, ameshiba, anapiga mbweu kitandani. Aliizungusha futi yake kifuani kwangu, akaandika namba kwenye daftari, akasema nimepungua. Nilifurahi, mjinga mimi. Naomba msomaji aishike hiyo saa mbili asubuhi, nitairudia.

Siku mbili kabla ya sherehe bibi akafika kutoka Kolo. Huyu ndiye mama yake mama. Alishuka kwenye basi na kuku mmoja, karanga nusu debe, na maungo yake yote kwenye doti moja ya khanga. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, akamchukua mtoto kutoka mikononi mwangu, akamkagua kama mtu anayenunua mbuzi, kisha akamwambia:

“Mke mwenzangu, wanakulisha?”

Mama akamletea sehemu yake ya kitambaa cha sare, akamwomba asimame apimwe. Bibi akakikunja, akakikunjua, akakinusa. Akauliza ni cha nani. Mama akamwambia ni chako, mama, nakushonea gauni. Bibi akauliza kitambaa kimefanya kosa gani.

“Kitu kizima,” alisema, “unakikata vipande vipande, halafu unakaa siku nne kuviunganisha. Si ungekiacha?”

Akakizungusha mwilini pale pale, mara mbili, akakifunga begani, akakaa. Ilikuwa imekwisha. Mama alibaki na futi mkononi. Kwa jicho la ufundi lazima niseme ukweli: alipendeza kuliko picha ya kwenye simu.

Jioni hiyo barazani ndipo nilipopata historia yote, maana nilikuwa nalalamika kuhusu gauni langu, na bibi anapenda sana malalamiko ya mtu mwingine. Alisema bibi yake yeye alivaa ngozi ya mbuzi iliyolainishwa kwa mafuta, na shanga. Mtoto alining'inia pale pale mbele, chakula chake hakijafungiwa popote. Halafu kaniki zikafika, zile nguo za dukani za buluu nzito kama nyeusi, na mama yake bibi akavaa moja. Yule mzee wa ngozi alikasirika wiki nzima. Alisema kaniki ni nguo ya wavivu: huilainishi, huipaki mafuta, unainunua tu na kuivaa, mwanamke wa namna hiyo atampikia mume nini? Tena kaniki mpya ilikuwa inachuja rangi. Mtoto akinyonya siku ya kwanza alitoka na mashavu ya buluu, na kijiji kizima kikajua mama yake amenunua nguo.

Bibi mwenyewe akaja na khanga. Mama yake wa kaniki akasema khanga zina maua mengi kama shamba lisilopaliliwa, na kwamba mwanamke anayevaa maandishi makalioni anatafuta wasomaji. Bibi akavaa. Watoto saba walilelewa ndani ya khanga zile: moja anafunga, moja anabeba, na mtoto akilia unamzungusha tu kutoka mgongoni kuja mbele bila hata kusimamisha safari.

Halafu akaja mama na magauni. Hapo bibi alianza kucheka kabla hajasimulia, na mama akaanza kukanyaga cherehani kwa nguvu isiyohitajika. Sebuleni kwetu kuna picha ya mama akiwa na umri kama wangu, amenipakata mimi. Gauni lina mabega. Nikisema mabega simaanishi mabega ya mtu. Wakati ule ilikuwa lazima kuweka sponji ndani, na mama, kwa kuwa alikuwa bado anajifunza ufundi na sponji za dukani zilikuwa ghali, alikata kona mbili za godoro. Bibi anasema mwanawe alikuwa akifika kwake Kolo inabidi apite mlangoni kwa ubavu. Siku moja mvua ilimkuta njiani, godoro likanywa maji, akaingia nyumbani anachuruzika mabegani kama paa.

Lakini tazama picha ile vizuri. Mbele ya gauni kuna vifungo, vikubwa kama vifuniko vya soda, toka shingoni mpaka tumboni. Vitatu viko wazi, na kichwa changu kiko ndani. Mama anatazama kamera, ametulia, amevaa godoro mabegani, na mtoto wake anakula. Ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote pale nyumbani, na siku ile nilimwonyesha mama kwa kidole. Nikamwambia mimi nilikuwa na mlango, wangu hana.

Akasema mambo ya zamani. Akasema siku hizi vifungo vya mbele vinavunja mstari wa gauni. Nilishindana na huyu mwanamke miaka minne yote ya sekondari kuhusu sketi, nikashindwa. Alikuwa ananishonea sketi moja ya shule yenye pindo la akiba, na kila Januari anashusha kidogo badala ya kushona nyingine. Nilipofika kidato cha nne sketi ilikuwa na mistari mitatu iliyofifia kuizunguka, na wenzangu walikuwa wakinihesabu mistari kujua nimefika kidato cha ngapi. Mstari wa gauni! Aliyenivisha daftari miaka minne ananieleza habari za mstari.

Siku ya sherehe nilimnyonyesha mtoto mpaka akalala na titi mdomoni, ndipo nikaingia kwenye gauni. Niliingia mimi, lakini walinifunga wengine: mama akivuta kitambaa, mdogo wangu akipandisha zipu, bibi kitandani akitazama kama anayetazama watu wakifunga mzigo juu ya basi. Zipu ilifika juu. Nilijitazama kwenye kioo, nikaona kweli nimependeza, na nikaona pia kwamba pumzi zangu sasa zinaishia shingoni.

Tukaingia ukumbini saa nane mchana. Kucheza kwenyewe kulikuwa vihatua vya inchi mbili, wanawake wote wa rangi ya zabibu magoti yamebanwa na kitambaa, tunasogea kama bata wanaopita kwenye matope. Kwenye viti hakuna aliyekaa, tuliegemea. Pilau ililetwa, na nikaona wanawake wazima, wenye nyumba zao, wakiokota punje moja moja kwa ncha ya kijiko na kuomba wafungiwe. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa ameanza kutoa jasho juu ya mdomo. Bibi peke yake ndiye aliyekula. Alikuwa nyuma kabisa karibu na mlango wa stoo, mtoto mgongoni ndani ya khanga, kitambaa cha sare kimefungwa begani kama alivyokifunga siku ile, na sahani ya pili mapajani.

Saa tisa na dakika kidogo nikamsikia mtoto. Ukumbi mzima una muziki, MC anapiga kelele kwenye spika, lakini nilimsikia, na si mimi tu niliyemsikia. Maziwa nayo yalisikia. Wanaojua wanajua: mtoto akilia yanakuja yenyewe, hayasubiri ratiba. Nikahisi kifua kinajaa na gauni halina mahali pa kwenda. Pale ndipo nilipoikumbuka ile saa mbili asubuhi. Mama alimpima mwanamke aliyetoka kunyonyesha. Saa tisa mchana mwanamke huyo hayupo. Nipo mimi, na mimi ni mkubwa kumzidi.

Nikamwambia mdogo wangu nakuja, nikashuka jukwaani kwa vihatua vyangu vya bata mpaka stoo, ambamo walikuwa wamepanga kreti za soda upande mmoja na zawadi za bibi harusi upande mwingine. Bibi akanifuata. Mtoto alikuwa ameshavuka kulia, amefika kwenye kudai. Bibi akaivuta zipu. Haikusogea. Akavuta tena. Mbele yangu kwenye rangi ya zabibu yalikuwa yameanza kutokea maduara mawili meusi.

Mama akaja, ameona mpambe hayupo. Alipofunga mlango nyuma yake niliona kwenye uso wake kwamba amepiga hesabu zote mara moja: mtoto, maduara, kamera, Mwenyekiti. Akaniambia nitoe pumzi. Nikatoa iliyokuwapo. Akapaka sabuni ya kunawia kwenye meno ya zipu, akashika, akavuta kama mtu anayeng'oa msumari. Kichwa cha zipu kikatoka, kikabaki mkononi mwake. Tukakitazama wote watatu. Hata mtoto alinyamaza kidogo akakitazama.

Sasa hakukuwa na zipu tena, kulikuwa na mshono tu. Bibi akamkabidhi mama mtoto, akaenda kwenye lundo la zawadi, akazibinya moja baada ya nyingine. Sufuria. Chupa ya chai. Beseni. Ya nne akaichana karatasi. Ilikuwa seti ya visu sita kutoka kwa Mwenyekiti, jina lake limeandikwa juu kwa kalamu ya dhahabu. Akachagua kile kidogo cha nyanya, akamnyooshea mama kwa mpini.

“Kata.”

Mama akakitazama kisu, akanitazama mimi, akalitazama gauni. Sauti yake ilitoka ndogo.

“Mama, hili gauni nimelishona siku nne.”

“Na huyu alishonwa miezi tisa,” bibi akasema. “Kata.”

Nitasema jambo moja kuhusu mama yangu na hakuna atakayelipinga. Kwa kisu cha nyanya, ndani ya stoo ya soda, mwanawe analia na mjukuu wake analia, alikata kwa mbele, kutoka shingoni mpaka chini ya kifua, mstari ulionyooka kama rula. Hakugusa ngozi wala sidiria. Nikapumua. Sijawahi kupumua hivyo tangu nilipojifungua. Nikakalia kreti, nikafungua, mtoto akaja kwa kichwa kama anayeingia nyumbani kwake baada ya kufungiwa nje.

Tukamsikiliza anameza. Mama akaniuliza kwa nini sikumnyonyesha kabla ya kuvaa. Nikamwambia nilimnyonyesha, ila yeye alinipima saa mbili asubuhi mtoto ametoka kushiba, na amezaa watoto watatu na amepima wanawake wa nusu ya mji huu, sasa nitamfundisha mimi kwamba kifua cha anayenyonyesha kina asubuhi yake na mchana wake? Nilisema na mengine ambayo sitayaandika kwa sababu huwa ananisomea daftari zangu. Nilitegemea anijibu. Hajawahi kukosa jibu.

“Nilisahau,” akasema. Akakaa kwenye kreti ya pili, kisu bado kiko mkononi. “Sikuwahi kuwa na haja ya kukumbuka. Vifungo vyangu vilikuwa mbele.”

Basi, hasira yote niliyokuwa nimeiandaa ikakosa mahali pa kukaa. Niliudhika zaidi.

Nje MC akaanza kumwita mpambe. Bibi harusi alitakiwa kupokea zawadi, mpambe amshikie, na picha ya pamoja ya sare zote inafuata. Mama akasimama, na nikaona amerudi kuwa fundi. Akachomoa pini kifuani kwake moja moja, akafunga ule mkato kwa ndani. Zilikuwa saba. Lakini yale maduara mawili hayakufungika kwa pini. Hapo bibi akafungua fundo la begani, akavua kitambaa chake cha sare, kizima, hakijaguswa na mkasi, akabaki na khanga zake alizokuja nazo. Akanizungushia kifuani, akakipitisha begani, ncha akaiachia mgongoni ikafunika ile zipu iliyokufa. Rangi moja, kitambaa kimoja. Mama akavuta pindo moja hapa na moja pale. Akasogea nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja.

“Nenda,” akasema. “Usiinue mkono wa kulia.”

Nilipanda jukwaani kama mtu aliyekosa, mtoto nimempakata kwa mkono wa kushoto, nikiwa mwanamke pekee ukumbini anayepumua. Mwenyekiti alinijia kabla sijamfikia bibi harusi. Alinitazama kutoka begani mpaka chini, akagusa kitambaa kwa vidole viwili. Nilijua sasa nitaambiwa sare ni sare.

“Mbona mshono wako una nyongeza?” akauliza.

Nilifungua mdomo niseme ukweli, kwa kuwa mimi husema ukweli, ndiyo ila yangu. Mama alikuwa nyuma yangu. Akasema bila kupepesa kwamba huo ndio mshono wa wapambe, umetoka sasa hivi, watu wa hapa hawajauona. Mwenyekiti akarudi nyuma hatua moja. Halafu akaniambia nigeuke. Nikageuka. Akaniambia nigeuke tena.

Zawadi zikatangazwa. Ilipofika seti ya visu, karatasi yake imechanika na mahali pa kisu cha nyanya pako wazi, MC akasema bibi harusi wa mwaka huu ana haraka ya kupika, ukumbi ukacheka. Bibi kule nyuma alikuwa anafuta mdomo.

Jumatatu iliyofuata wanawake wakaanza kufika barazani kwa mama. Walikuja wawili wawili, na wote walitaka kitu kimoja: ule mshono wa mpambe, wenye kitambaa cha kupitisha begani na ule mkato wa katikati. Maana kwenye picha, pale ambapo kitambaa cha bibi kilijiachia kidogo, mkato wa kisu ulionekana, na kwa kuwa mkono wa mama umenyooka hata akiwa anaaibika, ulionekana kama umekusudiwa. Mwenyekiti akaja na wanawake wa kata, na kazi ile mama akaipata. Mama akaongeza vifungo pembeni ya mkato. Vidogo, vya kung'aa, vinapendeza sana.

Nilikwenda siku moja na mtoto wangu nikakuta gauni limetundikwa, limekamilika. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Nikasema moyoni, haya, mlango umerudi mbele, na umerudi kwa ajili ya huyu mnene niliyembeba. Nikashika kifungo cha juu nikifungue. Hakifunguki. Nikashika cha pili. Vyote vilikuwa vimeshonewa juu ya kitambaa kizima. Zipu ilikuwa mgongoni.

Sitaeleza nilichosema. Jirani wa nyumba ya tatu alitoka nje. Mama alinisubiri nimalize, akaniambia wateja hawataki mkato unaofunguka kweli, wanaogopa utaachia kwenye picha. Wanapenda tu uonekane kana kwamba unaweza. Nikamwambia wanawake wa mji huu wamechukua njaa ya mtoto wangu wakaifanya pambo. Akasema ndiyo, na wanalipa vizuri.

Lakini wiki ile ile alikuja kwangu bila kuitwa, na futi yake shingoni, kunipima gauni la sendofu ya mdogo wangu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Alifika saa tisa mchana. Mtoto alikuwa amelala na hajanyonya toka adhuhuri, na mimi kifua kimejaa kama mzigo wa mtu mwingine. Mama aliuliza kama amenyonya. Nikasema bado. Akasema usimwamshe. Akapima, akaandika, akapima tena, akaongeza kitu kwenye daftari, akaenda zake bila hata kunywa chai.

Gauni alilileta juzi. Ni la rangi ya maziwa ya mgando, refu, na mbele lina safu mbili za vifungo, moja kila upande, kutoka begani mpaka chini ya kifua. Sikusema asante. Nilienda moja kwa moja kwenye vifungo. Safu ya kulia, cha kwanza: cha uongo. Cha pili: cha uongo. Nikainua macho nimtazame, nimeshajaza pumzi. Akaniambia nijaribu kushoto. Nikajaribu. Kikafunguka. Na cha pili, na cha tatu, mpaka chini, vyote vinafunguka, na ndani yake amepachika kitambaa laini kisimkwaruze mtoto shavu.

Nikamuuliza na kulia je.

“Vyote vikifunguka gauni litalegea, picha zitaharibika,” akasema. “Upande mmoja unatosha. Mtoto ana mdomo mmoja.”

Bibi, ambaye amegoma kurudi Kolo mpaka sendofu iishe, alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. Alicheka tu, kwa muda mrefu, mpaka mtoto naye akaanza kucheka huko nyuma bila kujua kwa nini. Nikamwambia mama kwamba mdomo ni mmoja kweli, lakini mimi ninayo mawili, na lile la kulia litakaa ukumbini kwa saa tano likijaa, na yeye anajua maduara yanavyoonekana kwenye rangi ya maziwa.

Alilitazama gauni. Alinitazama kifua, upande wa kulia, kwa jicho lile la kupimia. Kisha akavuta kiti, akaliweka gauni mapajani, akachukua wembe, akaanza kufumua kifungo cha kwanza cha kulia, huku akinung'unika kwamba kizazi hiki hakiridhiki.